Kalibu ya Babu: Habari za Gobori, Risasi na Baruti Upande wa Busisi

Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, nadhani alitazamia niandike juu ya shule yenyewe: walimu wetu, mabweni, uji wa asubuhi na mechi za Jumamosi. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaandika katika matoleo yaliyopita, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Kwa hiyo nimechagua kitu kidogo ambacho kipo juu ya meza yangu hivi sasa. Ni kalibu ya chuma ya kusubu risasi za gobori, mali ya marehemu babu yangu wa Busisi.

Kwa vijana mlioko madarasani ambao hamjapata kuiona, kalibu hii inafanana na koleo. Ina mikono miwili yenye vishikio vya mti, na ncha zake zikifungwa hukutana na kufanya shimo la mviringo, ukubwa wa zambarau. Juu yake pana tundu la kumiminia. Risasi iliyoyeyuka huingia kwa tundu hilo, hupoa kwa muda mfupi, na kalibu ikifunguliwa huanguka popoo moja, jeupe kama fedha mpya. Baada ya siku chache rangi yake hugeuka kuwa ya kijivu.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, katikati ya miaka ya 1990, nilikwenda likizo kwa babu. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo. Jioni moja babu aliniita.

“Mjukuu wangu, kalamu yako ya shule ni ya nini?”

Nikajibu, “Shikamoo babu. Ni kalamu ya risasi.”

“Marahaba. Basi lete hiyo kalamu tuipigie nguruwe.”

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanifundisha jambo ambalo mwalimu wangu wa sayansi alikuja kulithibitisha baadaye: katika kalamu ya risasi hamna risasi hata chembe, mna madini mengine meusi yaliyo laini. Jina lilibaki kwa sababu watu wa zamani waliyadhania kuwa ni risasi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ya kwanza ni ile metali nzito. Sisi tumelitumia neno hilo hilo kwa metali na kwa kile kinachotoka mtutuni, kwa kuwa kwa wazee wetu vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Hata nyavu za mwaloni kwetu huzamishwa kwa risasi.

Usiku ule babu alisubu popoo sita. Aliweka vipande vya risasi katika kikaango kilichovunjika mpini, juu ya makaa ya mkaa, akapuliza. Kwanza aliipasha moto kalibu yenyewe, kwa kuwa kalibu baridi hutoa popoo lenye makunyanzi. Kisha aliitazama kama ni kavu. Hapo hakuwa na mzaha kabisa. Tone moja la maji ndani ya kalibu hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi ya moto usoni mwa mtu. Baba yangu mdogo alikuwa na kovu shavuni la kuthibitisha hayo. Popoo lilipopoa, babu alikata kwa kisu kile kishina kilichobaki kwenye tundu, akakirudisha kikaangoni. Hakuna kilichopotea. Hata mnyama alipoangushwa, babu alilitafuta popoo ndani ya nyama, akaliyeyusha tena. Alikuwa akisema kwamba popoo moja limewahi kuua nguruwe watatu katika miaka mitatu. Sijui kama ni kweli, lakini metali ile inaruhusu.

Sasa ndugu msomaji, tuulize swali la historia. Kitu hiki kilifikaje Busisi?

Uzinza haikuwa nchi ya watu wasiojua metali. Barongo, wale wahunzi mashuhuri wa Uzinza, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo kwa mivukuto, na majembe yao yalinunuliwa Usukuma na hata Unyamwezi. Chuma safi huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,538 za Sentigredi, na kukipata kutoka kwenye mawe ni kazi ya fundi na ya siku nyingi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Moto wa jikoni watosha. Mtu aliyeweza kuchemsha maharage aliweza kusubu risasi, na ndiyo maana gobori lilienea upesi. Mwenye bunduki hakuhitaji mhunzi wala kiwanda ili kupata popoo. Alihitaji kalibu, kipande cha metali, na moto.

Bunduki zenyewe zilitoka ng'ambo. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalikuwa yanaacha bunduki za kujazwa mdomoni na kuchukua zile za kujazwa nyuma kwa kiasi, yaani ganda lenye fataki, baruti na risasi pamoja. Zile kuukuu zikatafutiwa soko, na soko likawa ni Afrika. Zilishushwa Unguja na Bagamoyo, zikapandishwa Tabora kwa vichwa vya wapagazi, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa bunduki hizo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwako Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani yetu.

Ziwani tuliona tofauti ya bunduki na bunduki mapema. Mwaka 1875 Stanley alifika Kageyi katika Usukuma, akaunganisha mashua yake na kulizunguka Ziwa. Baada ya kugombana na watu wa kisiwa cha Bumbire, alirudi mwezi wa Agosti mwaka huo huo kulipiza kisasi. Hakutia mguu pwani. Alikaa ndani ya mitumbwi mahali ambapo mishale na mawe ya kombeo hayamfikii, akawapiga kwa bunduki za Snider za kujazwa nyuma. Katika vita vya namna hiyo ujasiri haukuwa na kazi.

Tena jambo kubwa zaidi lilitokea ng'ambo ya pili ya ghuba yetu, mkabala na Busisi. Wanafunzi wa leo hupita Bukumbi wakielekea Kigongo bila kujua. Mapadri Weupe walifungua misheni pale mwaka 1883. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga wa Buganda alipinduliwa, akakimbilia Magu, kisha akapokelewa Bukumbi. Mfalme aliyekuwa akiwatisha watu wa pande zote za Ziwa akawa mgeni wa kulishwa. Upande wa kusini wa ghuba, Usambiro, alikuwapo Alexander Mackay wa misheni ya Kiingereza, mhandisi, ambaye huko Buganda alikuwa akisumbuliwa na wakubwa awatengenezee silaha zilizoharibika. Mackay alifariki huko Usambiro Februari 1890.

Mwaka 1889 Mwanga alirudi kupigania kiti chake, akichukuliwa kwa mashua ya Charles Stokes. Bwana huyu alikuwa Mwairishi aliyekuja kama fundi wa misheni, akaacha, akaoa binti wa ukoo wa watemi wa Unyamwezi, akawa mfanyabiashara wa pembe na silaha. Waganda walikuwa na wahunzi hodari. Lugard, aliyefika Buganda Desemba 1890, alistaajabu jinsi walivyoweza kuweka kitako kipya au springi mpya katika bunduki iliyokufa. Lakini ushindi wa kundi hili au lile ulitegemea ni nani amefikiwa na mashua ya Stokes. Stokes mwenyewe mwisho wake haukuwa mwema. Januari 1895 alinyongwa na ofisa wa Kibelgiji katika misitu ya Kongo, kwa shtaka la kuwauzia silaha maadui wa dola ile.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Fundi wa Buganda na mwindaji wa Busisi waliweza kutengeneza kitako, kubadili springi na kusubu popoo. Kimoja hawakuweza kukipata nyumbani kwa uhakika, nacho ni baruti nzuri na fataki. Popoo bila baruti ni jiwe la kuzamishia nyavu. Kwa hiyo bunduki iliyoonekana kumpa mtu uhuru ilimfunga kwa kamba ndefu iliyoanzia Busisi, ikapita Tabora, ikaishia Unguja na Ulaya. Mwenye kushika ncha ile nyingine aliweza kuivuta wakati wowote.

Naye aliivuta. Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba ule ulisema mambo mengi mema juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli bunduki zilikuwa chombo cha biashara hiyo. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha: katika sehemu kubwa ya Afrika isiingizwe bunduki ya kisasa kwa wenyeji. Kilichoruhusiwa kwa masharti ni bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida. Yaani wao wachukue ya leo, sisi tubaki na ya juzi. Katika miaka iyo hiyo Wajerumani walijenga boma Mwanza na Bukoba, nao walikuwa na bunduki za kisasa na bunduki za mtombo. Watawala wa Kiingereza waliofuata waliendelea na desturi hiyo. Mwananchi wa kawaida aliyepewa kibali aghalabu alipewa cha gobori. Babu alikuwa mmoja wao.

Msifikiri kwamba kamba ile ilimfunga Mwafrika peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani wa nchi hii walifungiwa bahari na manowari za Kiingereza, wakaonja wao wenyewe. Askari wao wengi walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye risasi nzito ya milimita 11 na baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi, na katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 moshi huo uliwaonyesha maadui mahali askari walipojificha.

Aprili 1915 meli ya shehena ilipenya mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na kuzama katika maji machache. Wapiga mbizi wakaiopoa shehena yake, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake kazi iliyofuata. Huko Moshi watu walikaa kwa miezi, toka asubuhi hadi jioni, wakifungua kiasi kimoja kimoja, wakisafisha baruti, wakibadili fataki pale zilipopatikana nyingine, kisha wakifunga tena. Kiasi kizuri kiliwekwa kwa bunduki za mtombo, na kilichokuwa na kasoro kikapewa bunduki za kawaida au mazoezi. Hiyo ndiyo kazi ya kujaza upya maganda, na kwa ukubwa wake sidhani kama imepata kufanyika tena katika nchi yetu. Dola yenye viwanda vya Ulaya nyuma yake ilikaa chini kama babu yangu na kikaango chake, ikihesabu fataki.

Maganda yenyewe nayo yalipata kazi nyingine. Mwaka 1916, hela zilipokosekana, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu za shaba ya njano iliyotokana na maganda ya risasi na ya mizinga. Julai mwaka huo Waingereza waliiteka Mwanza, na vita ikasogea kusini. Watu wa ghuba yetu wakabaki na mabwana wapya na magobori yale yale.

Na risasi, ile metali, tulikuja kuichimba wenyewe. Reli ya tawi kutoka Kaliua kwenda Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950, ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa risasi wa huko. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Haukuwa mgodi wa popoo za babu. Mzigo ulipelekwa ng'ambo, na baadhi ya metali ya namna ile hutujia tena ndani ya betri za magari.

Marekani wako watu wengi ambao hadi leo, kwa kupenda tu, huokota maganda ya bastola waliyokwisha kuyafyatua, husubu risasi nyumbani, hununua baruti na fataki dukani na kujaza upya. Kwetu sivyo. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi haimruhusu mtu kutengeneza vitu hivyo bila kibali, na mimi, kama mtumishi wa serikali na kama mtoto wa Usukuma, naiunga mkono. Wale wa rika langu tunakumbuka wazee wakisimulia jinsi silaha zilivyozagaa baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mifugo ikaporwa kwa bunduki, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wakaanzisha Sungusungu kwa pinde na mishale yao.

Lakini kuunga mkono sheria ofisini ni rahisi. Nyumbani ndiko kwenye mtihani.

Babu alifariki mwaka 2004. Gobori likabaki kwa baba mdogo, na kibali hakikubadilishwa jina. Septemba na Oktoba 2023 ulipotangazwa msamaha kwa watakaosalimisha silaha kwa hiari, baba mdogo alinipigia simu.

“Mwanangu, wewe ni mtu wa serikali. Zungumza na wenzako, hii tuachiwe. Ni ya baba yangu.”

Nikamwambia, “Baba, kwa kuwa mimi ni mtu wa serikali, ndiyo maana siwezi.”

Alinyamaza kwa muda. Halafu akakata simu. Hakunipigia tena kwa wiki tatu. Mwishowe nilichukua likizo, nikavuka kwa kivuko kutoka Kigongo, kwani daraja lilikuwa bado, nikamkuta ameketi nje, gobori limefungwa ndani ya khanga ya marehemu bibi. Tulilipeleka pamoja. Hatukuzungumza njiani. Askari aliyelipokea alikuwa kijana. Aliuliza kwa heshima, “Mzee, bado linafanya kazi?” Baba mdogo akajibu, “Halijapata baruti tangu baba afariki.” Hapo nikajua kwamba tulikuwa tunasalimisha bomba la chuma. Lile lililokuwa silaha ndani yake lilikwisha zamani, nasi hatukuwa na uwezo wa kulirudisha.

Kalibu haikuulizwa na mtu. Ilikuwa jikoni. Na hapo jikoni ndipo nilipokuta jambo lililonitia hofu kuliko gobori. Mjukuu wa baba mdogo, mtoto wa miaka sita, alikuwa akipepea moto, na katika sufuria mlikuwa na vipande vya betri kuukuu ya gari vikiyeyushwa ili kusubu risasi za nyavu. Sufuria ile ile ilikuwa imepikia maharage jana yake.

Wazee wetu hawakujua, na sisi hatuna udhuru. Risasi ni sumu. Vumbi lake na moshi wa taka zinazoungua pamoja nayo huingia mwilini, na mtoto huumia zaidi kuliko mtu mzima, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa zikafuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa haki yao tena. Lakini fedha haimrudishii mtoto akili yake.

Nilimwambia baba mdogo hayo yote. Nilitazamia anikasirikie kwa mara ya pili. Akamtazama mtoto, akaimwaga sufuria shimoni mbali na kisima, akaitoboa kwa msumari ili isipikiwe tena. Kisha akanipa kalibu. “Chukua,” akasema. “Wewe ndiye unayependa mambo ya zamani.”

Wanafunzi wenzangu wa zamani, nitaileta kalibu hii siku ya mkutano na kuomba iwekwe katika kabati la historia la shule, pamoja na karatasi yenye maelezo. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na safari iliyokuwa ya kusubiri kivuko kwa saa nzima sasa ni ya dakika chache. Hakuna udhuru wa kutofika.

Nanyi vijana mlioko shuleni, ninawaomba mambo mawili. La kwanza, mkiona mtu anayeyusha risasi jikoni au mbele ya watoto, mwambieni kwa adabu, lakini mwambieni. La pili, likizo ijayo ketini na wazee, waulizeni vitu vilivyomo nyumbani vilitoka wapi, na kwa kila kitu ongezeni swali moja: sehemu gani tuliweza kuitengeneza wenyewe, na sehemu gani ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine? Kisha andikeni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Gobori la babu limekwenda, lakini habari yake sasa imo daftarini.